Mrejesho: mguu wa mzee baada ya nimonia

Asanteni mlionijibu. Kwa aliyepitwa: niliuliza kuhusu mzee wangu, hapa Kisumu, aliyekaa siku 19 kwenye mashine ya kupumulia kwa nimonia kali. Mapafu yalipona, ila alirudi nyumbani akiburuta mguu wa kulia, na kidole kidogo cha mkono kina ganzi. Wengi mlisema kiharusi. Jirani yetu wa Kondele alisema ni mkono wa mtu, hilo tuliache.

Si kiharusi. Daktari alizipima neva kwa umeme mdogo akakuta mambo mawili. Neva za miguu yote miwili zimedhoofika, kitu kinachowapata wagonjwa mahututi wengi. Halafu ile inayozunguka mfupa mwembamba chini ya goti, upande wa nje, ilibanwa. Pale haina nyama ya kuikinga, na mzee alikuwa amekonda vibaya. Hiyo ndiyo hunyanyua wayo, ndiyo maana ndala zilikuwa zinamvuka!

Aliyeuliza kama alilazwa kifudifudi alilenga. Ndiyo, kwa saa nyingi, na daktari anahisi kiwiko kilibanwa hapo, kikaleta ganzi ya kidole. Lakini bila kulazwa hivyo huenda tungemzika, kwa hiyo simlaumu mtu.

Dawa ni mazoezi, kifaa cha kushikilia wayo usining'inie, na subira: neva hukua kama milimita 1 kwa siku. Kila jioni namkagua nyayo, maana akijikata hasikii.

Juzi alipanda matatu peke yake. Kidole bado.