Thaimu inayotambaa badala ya nyasi: inaoza katikati, shida ni nini?

Baraza_Njiro
Wakuu, habari za humu. Eneo ni Njiro, Arusha, mita za mraba 12 kati ya geti na baraza, jua lipo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Udongo ni ule mweusi wa mbuga, ukilowa unanata, ukikauka unapasuka. Miche 60 ya thaimu inayotambaa, Thymus serpyllum, ilipandwa mwezi wa tatu pamoja na samadi ya ng'ombe, ndoo mbili kwa kila mita ya mraba. Inamwagiliwa kila jioni. Sasa pembeni imerefuka na kulegea, katikati imekuwa ya kahawia, na shina ukilivuta linatoka na mizizi myeusi. Ua hata moja hakuna. Niongeze mbolea au nipulize dawa? Na ya kujaza eneo lote ni miche mingapi?

Kitalu_Usa
Pole mkuu. Usiongeze mbolea wala dawa, na huo mpira wa jioni uufunge leo.

Thaimu kwao ni sehemu kavu za Ulaya, kwenye mchanga na mawe, ardhi isiyo na rutuba. Wewe umeipa mambo matatu isiyoyataka: mfinyanzi, samadi nyingi na maji kila siku. Samadi inaleta majani mororo badala ya maua, majani yanafunika shina, unyevu unabaki chini, fangasi wanaingia. Mizizi myeusi maana yake imekosa hewa ikaoza. Mche wa namna hiyo haurudi, ng'oa.

Kabla ya kupanda tena, pima. Chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, kisha jaza mara ya pili. Yakishuka chini ya sentimita 2 kwa saa, hapo hapafai bila kuinua tuta. Kwa mbuga sina shaka jibu litakuwa hilo. Na usidanganyike kumwaga ndoo chache za mchanga kwenye mfinyanzi ukachanganya, unapata kitu kigumu kuliko ulichokuwa nacho. Inua tuta sentimita 15 juu ya udongo wa zamani: kwa mita 12 ni kama mita za ujazo 1.8. Mchanganyiko uwe udongo mwekundu sehemu mbili, mchanga wa mtoni wa chenga nene sehemu moja, kokoto ndogo sehemu moja. Mboji ukitaka, ndoo moja kwa mita mbili za mraba, basi. Tuta liinamie upande mmoja ili maji ya masika yatoke.

MamaVipando
Naongezea kwa Kitalu_Usa. Idadi: ukipanda kwa nafasi ya sentimita 25 ni miche 16 kwa mita ya mraba, yaani 192. Kwa sentimita 30 inatosha 135 hivi, ila kufunga kunachelewa na palizi inaongezeka. Usinunue yote. Zile za pembeni zilizo hai kata ncha za sentimita 5 hadi 8 zisizo na maua, ondoa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, weka kivulini. Wiki tatu hadi nne zinashika. Matawi yaliyogusa ardhi mara nyingi yana mizizi tayari, hayo unakata na kuhamisha tu.

Mbegu inawezekana, lakini ni ndogo kama vumbi na inataka mwanga: usiifukie, ikandamize tu juu ya udongo. Miche yake haifanani. Halafu zile picha za mtandaoni za mlima mzima wa zambarau bila jani kuonekana, nyingi ni za mmea mwingine kabisa. Kwao thaimu huchanua kiangazi, siku zikiwa ndefu, baada ya baridi kali. Arusha mchana haubadiliki hivyo, kwa hiyo ipende kwanza kwa majani na harufu.

Baraza_Njiro
Asanteni sana. Ndago zipo nyingi. Niweke nailoni chini? Na kukanyaga je?

Kitalu_Usa
Nailoni hapana, inashika maji na kuzuia matawi kutoa mizizi. Ndago zichimbue na vitunguu vyake kabla ya kuleta udongo mpya, rudia baada ya wiki tatu zikichipua tena. Thaimu haina ubavu wa kushindana na ndago wala sangari. Katikati ya miche tandaza kokoto ndogo sentimita 2, usitandaze majani makavu. Kukanyaga mara mojamoja inavumilia, njia ya kila siku weka mawe bapa. Ikichanua nyuki watajaa, watoto wasipite peku.

Maji: wiki mbili za kwanza kila baada ya siku mbili, asubuhi. Baadaye ingiza kidole, mwagilia pale tu sentimita 5 za juu zikiwa kavu. Maua yakiisha punguza theluthi moja, ila usikate mpaka kwenye sehemu ngumu ya shina isiyo na jani, hapo haichipui.

Mkazi_Kigamboni
Dar je, itakubali?

MamaVipando
Joto na unyevu wa pwani vitaisumbua, labda kwenye chungu chenye kokoto nyingi. Kwa ardhini panda Arachis pintoi, ile karanga ya maua ya njano. Inavumilia mvua, na kivuli kidogo pia.