Mlo uleule, sahani ileile: kwa nini sukari inapanda nikila saa nane usiku?

mkesha_wa_zamu:
Wakuu habari za muda huu. Nina miezi saba tangu nihamishiwe naiti ya moja kwa moja, naingia saa mbili usiku natoka saa mbili asubuhi, siku nne kwa wiki. Toka nianze nimeongezeka kilo sita na chakula sijabadilisha, naapa, ni kilekile, ila ule mlo mkubwa niliokuwa nakula saa saba mchana sasa naula saa nane usiku. Nikajua ni uvivu wangu tu.

Sasa hivi karibuni nikafanya utafiti wa kitoto. Nyumbani kuna mashine ya mzee ya kupimia sukari, nikapakua sahani ileile kiasi kilekile, siku ya ofu nikala mchana, baada ya masaa mawili nikajitoboa kidole ikasoma 6.8. Siku ya zamu nikala usiku, nikasubiri masaa mawili, ikasoma 9.3!! Nikasema mashine mbovu, wiki iliyofuata nikarudia, namba zikaja karibu na zilezile.

Swali langu, mwili unajuaje kwamba ni usiku wakati kazini kwetu taa zinawaka kama mchana? Na hizi kilo ni za saa ya kula au ni za kukosa usingizi, maana mchana nalala masaa manne, nikijitahidi sana matano. Wenye sayansi yake waje, zile za "usile baada ya saa kumi na mbili jioni" za kwenye status nimeshiba.

chuma_chakavu:
Kalori ni kalori mkuu. Tumbo halina saa ya ukutani. Andika kila kinachopita mdomoni wiki mbili, pamoja na vile vya kutafuna tafuna saa kumi alfajiri ambavyo huwa havihesabiwi, alafu urudi hapa.

mwl_wa_bios:
Chuma nakuheshimu ila hapo kwenye tumbo umeteleza, saa lipo. Yani karibu kila kiungo kina saa yake, ini lina lake, kongosho lina lake, hadi mafuta ya mwilini yana lake.

Ngoja nianze mbali kidogo maana hii stori naipenda. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, de Mairan, alichukua mmea wa jamii ya kifauongo akaufungia gizani. Ule mmea unafungua majani mchana na kuyafunga usiku, watu wote walijua ni jua ndo linaufanya hivyo. Gizani ukaendelea kufungua na kufunga kwa muda wake kama vile unaliona jua. Kwa hiyo saa iko ndani, ya nje inakuja kurekebisha tu. Ikapita miaka zaidi ya mia mbili, mwaka 1971 Konopka na Benzer wakapata nzi wa matunda ambao saa zao zimeharibika, mmoja siku yake fupi, mwingine ndefu, mwingine hana ratiba kabisa, na shida yote iko kwenye jeni moja. Mwaka 1984 ile jeni ikapatikana yenyewe, Hall na Rosbash upande mmoja na Young upande mwingine, na 2017 wote watatu wakapewa Nobel. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba jeni inatengeneza protini, protini inajaa usiku, ikijaa inarudi kuizima jeni iliyoitengeneza, kisha inaoza taratibu, jeni inawaka tena. Mzunguko huo unachukua kama masaa 24. Ndo saa yenyewe, haina mshale wala betri.

Sasa nije kwako mkesha. Saa kubwa iko kwenye ubongo, kifundo cha seli kama 20,000 hivi, kimekaa juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Hiyo inasetiwa na mwanga, hasa mwanga wa bluu, kupitia seli maalumu za jicho ambazo kazi yake siyo kuona picha, ndo maana kuna vipofu ambao hawaoni kitu lakini saa yao inafuata jua vizuri tu. Ila saa za ini na wenzake zinasikiliza sana muda wa chakula. Mwaka 2000 panya walipewa chakula mchana tu (panya ni wa usiku kumbuka), saa ya ini ikageuka ikafuata chakula na ya ubongo ikabaki palepale inafuata mwanga. Mwili mmoja, saa mbili zinagombana.

Na wewe ndo hivyo. Unaniambia kazini kuna taa, sawa, lakini ukitoka saa mbili asubuhi unakutana na jua, na hakuna taa ya kazini inayolishinda jua, alafu siku tatu za ofu unaishi mchana kama watu. Kwa hiyo saa ya ubongo haihami kabisa, kila ikitaka kuhama unairudisha. Saa nane usiku kongosho linasinzia, insulini, ile ya kuitoa sukari kwenye damu, inatoka kwa kusuasua, na ile homoni ya giza, melatonini, ikiwa juu inazidi kuibana kwa sababu kongosho lina vipokezi vyake. Sukari inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. 9.3 yako haijanishangaza hata kidogo. Kwanza kujitoboa mara mbili wiki mbili tofauti umefanya vizuri kuliko wengi wanaopima mara moja wakatangaza matokeo.

Nacheka maana sisi wa Kiswahili tunaanza kuhesabu saa jua likichomoza, saa moja ni saa moja ya mchana kuanza. Kongosho nalo linahesabu hivyohivyo.

dada_wa_wodi:
Mimi ni nesi, naiti nimezikesha miaka mingi tu. Kwanza mdogo wangu hiyo 9.3 usiifanye ya mchezo, masaa mawili baada ya kula tunapenda iwe chini ya 7.8. Haimaanishi una kisukari, mashine ya nyumbani siyo maabara, lakini nenda kapime ile ya wastani wa miezi mitatu, na uwaambie kabisa kwamba unafanya kazi usiku, maana wengine hawaulizi.

Pili kuna utafiti wa 2021 wa Marekani, Chellappa na wenzake, huu ni wako kabisa. Walichukua vijana 19 wenye afya wakawaweka maabara wiki mbili, wakawaigizia zamu ya usiku. Kundi moja likawa linakula usiku na mchana kama tunavyofanya sisi wa naiti, lingine linakula mchana peke yake ingawa wanakesha vilevile. Waliokula usiku sukari ilipanda asilimia 6.4, waliokula mchana tu haikupanda. Kukesha wote wamekesha, tofauti ni muda wa kula.

Mimi baada ya kusoma ule nikabadilisha. Nakula mlo wangu wa kushiba saa kumi na mbili jioni kabla sijatoka, usiku wa manane nikizidiwa kabisa natafuna kitu kidogo chenye protini, nikirudi asubuhi nakula kidogo ndo nalala. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nanuna saa tisa usiku, wenzangu wanafungua makopo yao harufu inakuja mimi nimeshika glasi ya maji. Baadae tumbo likazoea lenyewe, hiyo njaa ya saa tisa ikaacha kuja. Na usingizi usiuache hivyo, masaa manne hayatoshi. Nina pazia jeusi zito hadi mchana chumbani siuoni mkono wangu, na nikitoka kazini navaa miwani ya jua hadi nifike, watu wanadhani najishaua.

chuma_chakavu:
Sawa nimesoma yote, hadi kifauongo. Ila sukari ni sukari na kilo ni kilo msizichanganye. Huu mtindo wa kula ndani ya masaa nane, panya wa 2012 walifurahisha watu kweli, walikula mafuta yaleyale kalori zilezile na waliobanwa masaa nane hawakunenepa kama wenzao. Wakaja binadamu. 2020 watu 116 wiki 12, tofauti ya kilo kati ya makundi haikuwa ya maana. 2022 Guangzhou watu 139 mwaka mzima, wote wamepunguziwa kalori, nusu yao wamebanwa na muda pia, mwisho wa mwaka wamepungua karibu sawa. Panya siyo mtu. Kwa hiyo mkesha kilo sita umezila, pole.

mwl_wa_bios:
Hapo nakupa chuma, umeongea vizuri na mimi kwenye kilo sina ubishi mkubwa, wanaouza masaa nane kama dawa ya kitambi wanadanganya watu. Ila angalia, wale wa majaribio yako wanalala usiku. Mkesha halali! Na kukosa usingizi kunaingia kwenye kalori zako hizohizo kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2004 kule Chicago vijana 12 wa kiume walilala masaa manne tu siku mbili, leptini, ile ya kukwambia umeshiba, ikashuka asilimia 18, grelini ya njaa ikapanda 28, na wenyewe wakasema njaa imeongezeka asilimia 24. Siku mbili tu hizo. Kinyume chake 2022 wakachukua watu 80 wanene kidogo wasiolala vizuri, wakawasaidia kulala saa moja na dakika kadhaa zaidi, hawakuwaambia chochote kuhusu chakula, wakajikuta wanakula pungufu ya kalori kama 270 kwa siku.

Kwa hiyo mkesha anaweza asidanganye akisema "sijabadilisha chakula" na wewe usikosee ukisema anakula zaidi. Ile sahani kubwa haijabadilika. Vya pembeni je?

mkesha_wa_zamu:
Mwalimu umenishika pabaya. Jana zamu nzima nimeandika kama chuma alivyosema, nikatoa simu kila nikigusa kitu. Sahani kubwa moja, sawa. Alafu kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri nimeandika mistari mitano, soda mbili humo ndani, na siikumbuki hata njaa, nilikuwa napambana na macho yasifunge. Kumbe nilikuwa nakula usingizi.

Sasa kahawa je? Nakunywa ya mwisho kama saa kumi na mbili asubuhi ili nisisinzie njiani.

dada_wa_wodi:
Haya tumepata mchawi. Kafeini inachukua kama masaa matano kupungua nusu, na kuna jaribio la 2013 walipewa dozi kubwa masaa sita kabla ya kulala bado ikawakata zaidi ya saa nzima ya usingizi. Wewe unakunywa saa kumi na mbili unataka kulala saa tatu, hapo unategemea nini? Ya mwisho iwe saa sita au saa saba usiku. Na kama unaendesha mwenyewe na unasinzia, usiendeshe, tafuta wa kukupeleka, hilo sina mzaha nalo.

chuma_chakavu:
Mistari mitano 😂 nilisema mimi

mkesha_wa_zamu:
Siendeshi dada, nadandia gari la kazini. Basi leo nimekula saa kumi na mbili na nusu jioni, nimeshiba kweli, kahawa moja saa nne, kwenye begi kuna mayai mawili ya kuchemsha basi. Saa hizi ni saa nane na dakika kumi, jamaa pembeni yangu kafungua kopo lake na mimi nawaandikia nyie ili nisiangalie. Kipimo cha miezi mitatu nimepanga Jumatatu, nitaweka namba hapa.