Tupeane uzoefu: siku yako moja ya matembezi Chicago uliitumiaje?

Ndugu zangu, salaam. Mwaka jana, nikiwa safarini kwenda Dallas, nilipata siku moja Chicago kabla ya ndege ya usiku. Naomba waliowahi kuutembelea mji huo watusimulie siku yao, nami nianze na yangu, ingawa si ya kujivunia.

Kutoka uwanja wa O'Hare nilipanda treni hadi katikati ya mji, nikakimbilia Willis Tower, jengo la ghorofa 110 lenye urefu wa mita 442, ambalo tangu miaka ya 1970 hadi 1998 lilihesabiwa kuwa refu kuliko yote duniani. Wasifiao husema kwamba siku ya anga safi mtu huona majimbo manne akiwa juu kule. Tiketi nilikuwa nimeilipia siku mbili kabla, bila kufikiria hali ya hewa. Nilipofika ghorofa ya 103 na kusimama ndani ya kile kisanduku cha kioo kinachochomoza nje ya ukuta, mawingu yalikuwa yameshuka, na chini ya viatu vyangu palikuwa na weupe mtupu, kama mtu aliyetumbukia katika sufuria ya uji. Saa tatu zangu, pamoja na foleni, ziliishia hapo.

Mkaazi wa Columbus, Ohio

Pole sana, kaka. Sisi tulipanda boti ya mtoni, ile ambayo mwongozaji hueleza majengo moja baada ya jingine, na kwa maoni yangu hakuna saa moja na nusu iliyo bora zaidi ya hiyo, kwa sababu unayatazama maghorofa ukiwa umeketi. Alitueleza jinsi moto wa Oktoba 1871 ulivyoteketeza sehemu kubwa ya mji, na jinsi wasanifu walivyomiminika kujenga upya. Kilichonishangaza zaidi ni mto wenyewe: zamani uliingia Ziwa Michigan ukiwa umebeba uchafu wa mji, na maji ya kunywa yalitoka ziwani humo humo, hivyo wahandisi wakachimba mfereji, na mwaka 1900 mto ukageuzwa utiririke upande wa pili.

Mzaliwa wa Voi

Wote mmeniacha hoi, maana hakuna aliyewataja simba wetu! Katika makumbusho ya Field wamo simba wawili wa Tsavo, wale waliowala wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898, Wahindi kwa Waafrika, hata kazi ya daraja ikasimama. Patterson, mhandisi aliyewaua, alizitandika ngozi zao sakafuni kama mazulia kwa takribani miaka 25, kisha mwaka 1924 akaiuzia makumbusho hayo kwa dola 5,000. Ndiyo maana ni wadogo kuliko walivyokuwa hai: ngozi zilikwisha kuchakaa na kupunguzwa.

Nilikua nikisikia habari zao kwa bibi yangu, ambaye hakuwaita simba usiku bali "wale". Nikawakuta nyuma ya kioo, madume yasiyo na manyoya ya shingoni, na mtoto wa Kimarekani kando yangu akimwuliza mama yake kama ni majike. Nilimwambia kwamba simba wa kwetu wengi ndivyo walivyo, kwamba nimezaliwa karibu na daraja lile. Mama yake akanitazama kama kwamba mimi nami ni sehemu ya maonyesho. Patterson alidai waliua watu 135, ilhali watafiti waliochunguza mifupa na nywele zao wanakadiria kama 35. Kwangu mimi hata hao 35 wangetosha kuwafanya warudishwe Tsavo.

Mama wa watoto watatu, Minneapolis

Nyongeza fupi: msiudharau upepo wa ziwani, hata mwezi wa tano. Tulipozidiwa na baridi tulijihifadhi Chicago Cultural Center, iliyokuwa maktaba tangu 1897. Kiingilio ni bure na kuba lake la vioo vya rangi ni la ajabu.

Mwanzisha mada

Ahsanteni. Nitapita tena mwezi wa tisa, na safari hii naanza na simba. Kutoka Millennium Park hadi huko nichukue teksi?

Mzaliwa wa Voi

Hapana, ndugu yangu, tembea kwa miguu. Pitia Grant Park, ziwa likiwa mkono wako wa kushoto. Ni mwendo wa nusu saa hivi. Ila nenda asubuhi, kwa kuwa makumbusho hufungwa saa kumi na moja jioni.