Acheni kufunga flaiwili nyepesi kwenye magari ya foleni!

Wakuu, hili sasa limezidi. Gari ya kwendea kazini inashushwa giaboksi, flaiwili (ile sahani nzito inayozunguka nyuma ya injini, imefungwa kwenye kranki, yaani mhimili mkuu wa injini) ya kilo 8 inatolewa, inafungwa ya kilo 4, halafu mwenye gari anaambiwa "tumekuongezea farasi". Farasi gani? Flaiwili haichomi mafuta. Ikiwa nyepesi injini inapanda resi upesi na kushuka upesi, basi. Na faida yenyewe iko gia za chini, maana inakwenda kwa kipeo cha pili cha uwiano wa gia. Kama ya kwanza ni 3.5 na ya tano ni 0.8, unachopata kwenye ya kwanza ni mara 19 ya unachopata kwenye ya tano. Pigeni hesabu wenyewe.

Hizo kilo nazo ni nusu ya habari. Kilo 1 iliyopunguzwa pembeni, karibu na meno ya stata, si sawa na kilo 1 ya katikati. Umbali ukiwa mara mbili, athari ni mara nne. Wauzaji hawasemi.

Sasa njoo kwenye foleni. Ule uzito ndio unaobeba kranki kutoka mlipuko mmoja hadi mwingine. Ukiuondoa, sailensa (mzunguko wa injini kwa dakika bila kukanyaga mafuta) ya 750 inatetemeka, AC ikiingia gari inataka kuzima, na kila ukiondoka inabidi upandishe resi na kuburuza klachi. Chuma kilichobaki ni kidogo, kinapata moto haraka, pleti ya klachi inaungua na kung'aa, inaanza kuteleza. Angalau pandisheni sailensa hadi 900 au 1,000 kabla ya kumkabidhi mtu funguo!

Kuna la taa ya injini kwenye dashibodi pia. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) nyingi hutambua misi, yaani silinda kukosa kuwaka, kwa kusoma kasi ya kranki inavyoyumba. Flaiwili nyepesi inaongeza kuyumba huko, kwa hiyo P0300, kodi ya misi, inaweza kutokea injini ikiwa nzima. Kinachofuata mnakijua: plagi mpya, koili mpya, taa iko palepale.

Gari iliyokuja na flaiwili ya vipande viwili, yenye springi ndani, ndiyo mnaiharibu kabisa. Mnafunga ya kipande kimoja na pleti isiyo na springi, giaboksi inagonga kama kopo la misumari, hasa dizeli na silinda tatu. Pleti yenye springi ni lazima, na hata hiyo haimalizi kelele yote.

Lakini wanaonitia hasira kuliko wote ni wanaopeleka flaiwili ya chuma cha kusubu kwenye mashine ya kukereza "ipungue kidogo". Chuma kile kikikonda hakipindi, kinapasuka. Kikipasuka kwenye resi ya 6,000, vipande vinatoboa nyumba ya klachi na kuingia miguuni mwa dereva. Kama mteja ameng'ang'ania, nunueni iliyotengenezwa nyepesi tangu mwanzo, kwa feleji (steel).

Na kazi ifanyike kikazi: bolti mpya, zikazwe kwa msalaba na kwa hatua kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo, oili sili ya nyuma ya kranki ibadilishwe wakati giaboksi iko chini. Injini ambayo flaiwili yake ina uzito wa kusawazisha kranki haifungwi ya kawaida. Itatikisika mpaka beringi zife.

Wauzaji mliomo humu, jibuni: ni chuma gani, uzito umepunguzwa wapi, na inakwenda na pleti ipi?