Naomba ushauri: rangi za picha mbili haziendani (GIMP, programu ya kuhariri picha)

Habari zenu wakuu. Nina picha mbili za watu walewale nazotaka kuziweka ukurasa mmoja. Ya ndani, chini ya taa, ina unjano mpaka shati jeupe linaonekana kama limelowekwa kwenye chai. Ya nje kivulini imeingia ubluu. Zote ni JPEG, RAW, yaani faili ghafi la kamera, sikupiga (najua, najua).

Nimejaribu Color Balance (ya kurekebisha uwiano wa rangi) kwa kukisia, shati likakaa sawa, nyuso zikawa kijani. Kwenye Levels (ya kupanga viwango vya weusi na weupe) nikabofya shati kuwa nyeupe: afadhali, ila vivuli bado vyekundu.

Je, nisome namba za RGB (nyekundu, kijani, bluu) za shati na ngozi kwenye picha zote mbili, kisha nizifananishe kwa Curves (mstari unaopinda wa kurekebisha mwanga na rangi), chaneli mojamoja, yaani kila rangi peke yake? Na nianze na shati au ngozi?