Bondia wa miaka 41 dhidi ya kijana wa 25: afuate njia ya Foreman, ya Holmes, au aache?

Mdogo wa Bondia
Ndugu wana jukwaa, salaam. Kaka yangu ni bondia wa uzito wa juu aliyepigana ngumi za kulipwa kwa miaka mingi. Sasa promota amemletea mkataba wa pambano la raundi 10 dhidi ya kijana anayepanda kwa kasi, na anatakiwa kujibu kabla ya mwisho wa wiki ijayo. Mezani kuna njia tatu. Ya kwanza ni kusaini mkataba kama ulivyo. Ya pili ni kuomba apewe kwanza mapambano mawili madogo ya raundi 6, kisha huyo kijana afuate. Ya tatu ni kutundika glovu na kufundisha vijana, kwa kuwa kuna klabu imemwomba. Yeye kila jioni anamtaja George Foreman, aliyeshinda ubingwa akiwa mzee. Mimi nikifumba macho ninamwona Muhammad Ali wa mwaka 1980, aliyerudi ulingoni akapigwa vibaya. Familia imeniachia mimi jukumu la kuzungumza naye, na ninaomba mnisaidie kulinganisha kwa kutumia mapambano ambayo yamekwisha kupiganwa.

Kona Nyekundu
Mkuu, umeeleza mambo yote isipokuwa yale yanayohitajika. Kaka yako ana umri gani? Alipigana mara ya mwisho lini, na matokeo yalikuwaje? Huyo kijana anasimama kwa mguu upi mbele? Kambi ni ya wiki ngapi? Bila majibu hayo tutakuwa tunashindana kukumbuka historia, na kaka yako hatanufaika na lolote.

Raundi ya Kumi
Mimi sihitaji kusubiri majibu hayo ili niseme jambo moja: asaini. Tarehe 5 Novemba 1994, pale Las Vegas, Foreman alikuwa na miaka 45 na Michael Moorer alikuwa na 26, hajawahi kupoteza pambano, na miezi michache nyuma alikuwa amemnyang'anya Evander Holyfield mikanda ya ubingwa. Kwa raundi tisa kijana alimpiga mzee jabu, yaani ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, kwa mkono wa kulia hadi uso ukavimba. Majaji wawili walikuwa wameandika pointi 88 kwa 83 kwa Moorer, na wa tatu 86 kwa 85, pia kwa Moorer. Katika raundi ya kumi Foreman alitupa kushoto na kulia, kisha ile ya kulia fupi iliyotua kidevuni, na Moorer akahesabiwa hadi kumi akiwa chali. Mzee alikuwa amevaa kaptula ileile nyekundu aliyoivaa Kinshasa mwaka 1974 alipopigwa na Ali, na kwenye kona yake alikaa kocha Angelo Dundee, ambaye usiku ule wa Kinshasa alikuwa kona ya Ali. Uzito wa ngumi ndicho kitu cha mwisho kumtoka bondia. Kama kaka yako bado anao, umri usimtishe.

Mdogo wa Bondia
Ahsanteni. Ana miaka 41, kijana ana 25. Hajapanda ulingoni kwa takriban miaka miwili. Kambi itakuwa ya wiki nane. Uzito wa ngumi bado anao, hilo ninalithibitisha mwenyewe kwa sababu ninamshikia mfuko wa mazoezi. Kuhusu mguu wa mbele wa kijana nitauliza.

Shabiki wa Holmes
Miaka miwili nje ya ulingo ndiyo habari yenyewe, na ninashangaa kwamba umeitaja kwa sentensi moja. Mtazame Larry Holmes. Januari 1988 alikuwa na miaka 38, hajapigana tangu Aprili 1986, akakubali kukutana na Mike Tyson wa miaka 21 bila pambano lolote la kujipasha. Katika raundi ya nne aliangushwa mara tatu na pambano likasimamishwa. Sasa mtazame Holmes huyohuyo tarehe 7 Februari 1992, akiwa na miaka 42, mjini Atlantic City, mbele ya Ray Mercer, bingwa wa Olimpiki ya Seoul ambaye hakuwa amewahi kushindwa. Aliegemea kona kwa hiari yake, akazungusha mabega, akamwacha Mercer apige mikono na viwiko, kisha akamrudishia jabu na ngumi ya kulia, raundi baada ya raundi, akashinda kwa pointi za majaji wote watatu. Alikuwa mzee zaidi kwa miaka minne na alipigana vizuri zaidi. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 1991 alirudi taratibu kwa mapambano kadhaa dhidi ya watu wa kawaida, mpaka macho yakazoea tena kuona ngumi inakuja. Kwa hiyo njia ya pili, mkuu, wala msiijadili kwa muda mrefu.

Na Foreman pia alifuata njia hiyohiyo. Aliporudi mwaka 1987 baada ya miaka kumi ya kuhubiri kanisani, alipigana mara 24 kabla ya kukutana na Holyfield mwaka 1991. Watu hukumbuka ngumi moja ya mwaka 1994 na kusahau miaka ile yote ya kumbi ndogo.

Raundi ya Kumi
Nakuheshimu, Shabiki wa Holmes, lakini umeruka jambo. Kabla ya Moorer, Foreman alikuwa hajapigana tangu Juni 1993, aliposhindwa kwa pointi na Tommy Morrison. Hiyo ni miezi 17 nje ya ulingo, baada ya kipigo, na akashinda. Kwa hiyo si kweli kwamba kukaa nje peke yake kunamhukumu mtu.

Mtazamaji wa Mombasa
Miezi 17 hiyohiyo ndiyo aliyokaa Wladimir Klitschko kati ya kushindwa na Tyson Fury, Novemba 2015, na kukutana na Anthony Joshua uwanjani Wembley tarehe 29 Aprili 2017, mbele ya watu 90,000. Alikuwa na miaka 41 kama kaka yako; Joshua alikuwa na 27. Ninaomba familia yenu ikae pamoja na kulitazama pambano lile lote, kwa sababu hakuna lingine linaloonyesha kwa uwazi kiasi hiki kile ambacho umri unachukua na kile unachokiacha. Klitschko aliangushwa raundi ya tano, akainuka. Raundi ya sita alimwangusha Joshua kwa ngumi ya kulia iliyonyooka, na kijana akasimama miguu ikiwa haina nguvu. Hapo ndipo pambano lilipokuwa mkononi mwa mzee. Alisubiri. Alipiga jabu, akapima, akasubiri nafasi safi ambayo haikuja, na Joshua akapata raundi mbili tatu za kurudisha pumzi. Katika raundi ya kumi na moja ngumi iliyotoka chini ikamnyanyua kichwa Klitschko, akaangushwa mara mbili, na mwamuzi akasimamisha.

Mwili wake ulikuwa tayari usiku ule. Hata pumzi alikuwa nayo. Kilichopungua ni ule wepesi wa kuamua ndani ya nusu sekunde, na wepesi huo haurudishwi na wiki nane za kambi. Unarudishwa na mapambano. Ninaunga mkono njia ya pili.

Shabiki wa Holmes
Klitschko alisubiri kwa sababu ndivyo alivyopigana tangu akiwa kijana, si kwa sababu ya umri. Tangu alipojiunga na kocha Emanuel Steward alijengwa kupigana kwa tahadhari.

Mtazamaji wa Mombasa
Steward alifariki mwaka 2012, na Klitschko wa miaka iliyofuata alimmaliza Kubrat Pulev mwaka 2014 bila kumpa nafasi ya kupumua. Joshua mwenyewe alikuwa kwenye kambi ya pambano hilo akimsaidia Klitschko mazoezi, hivyo alimfahamu vizuri. Tahadhari ya mtu mwenye kasi na tahadhari ya mtu aliyeipoteza hazifanani.

Kona Nyekundu
Ndugu zangu, Klitschko tumemwelewa. Mdogo wa Bondia, umejibu umri, muda na wiki. Nilikuuliza pia matokeo ya pambano la mwisho. Hilo hujalijibu.

Binti Tanga
Nimesoma kimya hadi hapa, lakini naona lazima nieleze kilichomkuta binamu yangu, kwa sababu kila mnachokiita historia sisi tulikiona nyumbani. Alikuwa na miaka 39, ametoka kwenye mchezo, ameanza biashara yake ya usafiri. Promota mmoja akaja na ahadi ya fedha na sharti kwamba apunguze uzito, kwa maelezo kwamba mashabiki hawatalipa kiingilio kumtazama mtu mwenye kitambi. Alipunguza kwa wiki tano. Alikula mara moja kwa siku, alikimbia na koti la plastiki juani, na siku tatu za mwisho alipewa vidonge vya kukojoa ambavyo hakuna aliyetuambia vimetoka wapi. Siku ya kupima uzito alipendeza. Nasema kweli, alipendeza kuliko alivyokuwa na miaka 30. Shangazi alipoona picha alilia kwa furaha, na mtaa mzima ukasema amerudi.

Raundi ya kwanza alisimama. Raundi ya pili nilimwona anafungua mdomo. Kuanzia ya tatu mikono ilishuka na hakuweza kuipandisha tena, wala hakuwa na jasho mwilini, jambo lililonitisha kuliko ngumi zenyewe. Mpinzani wake alimpiga hadi raundi ya saba. Aliyekuwa na taulo la kurusha ili pambano lisimame kwenye kona yake aliletwa na promota, alilipwa na promota, na kila alipotazama upande wetu aliyahamisha macho. Mwamuzi ndiye aliyeokoa. Usiku ule alikojoa damu. Kuhusu fedha, alipewa nusu, nyingine ikasemekana imelipia ukumbi.

Nilipokuja kusoma kuhusu Ali na Holmes wa tarehe 2 Oktoba 1980 nilimwona binamu yangu. Ali alikuwa na miaka 38, amekaa nje kwa miaka miwili, alikuwa amenenepa, na akashuka hadi kuonekana kama yule wa Kinshasa. Alikuwa akitumia dawa za tezi ya shingo zilizomchoma mwili na kumkausha. Holmes, ambaye zamani alikuwa mpinzani wake wa mazoezi, alishinda kila raundi kwa majaji wote, mpaka Dundee akakataa kumruhusu atoke kwa raundi ya kumi na moja. Ali alikuwa na Dundee. Mdogo wa Bondia, mimi nauliza: kona ya kaka yako atakaa nani, na analipwa na nani?

Mdogo wa Bondia
Pole sana, dada yangu, na ahsante kwa kutueleza. Kocha wake wa zamani amehamia mkoa mwingine. Promota amesema atatoa mtu wa kona.

Kuhusu swali la Kona Nyekundu: pambano la mwisho lilisimamishwa raundi ya nne. Aliangushwa mara mbili. Baada ya hapo alilalamika kichwa kwa wiki kadhaa, na siku hizi wakati mwingine anarudia jambo alilokwisha kusema. Mama anasema ni uchovu. Ninaandika haya hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayetaka yazungumzwe.

Kona Nyekundu
Basi suala limebadilika, na ninaomba hata ndugu yetu Raundi ya Kumi alitazame upya. Foreman alishindwa na Morrison kwa pointi, akiwa amesimama kwa raundi 12. Hakutoka pale akiwa amepigwa kichwani hadi kusimamishwa. Kabla ya kulinganisha njia tatu, apigwe picha ya ubongo na daktari wa mishipa ya fahamu aisome, si daktari wa siku ya kupima uzito anayepima shinikizo la damu na kusaini fomu. Na hata cheti kisiwe mwisho wa mjadala. Ali alichunguzwa katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, kabla ya kukutana na Holmes, akapewa leseni ya kupigana katika jimbo la Nevada, akapigana tena na Trevor Berbick huko Bahamas Desemba 1981, na mwaka 1984 akatambuliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson.

Raundi ya Kumi
Nimelitazama. Kama alisimamishwa na kichwa kikamsumbua, nakubali kwamba picha ya ubongo itangulie. Sikubali kwamba iwapo picha ni safi tumzuie mtu mzima kufanya kazi anayoijua. Promota anasemaje kuhusu umri?

Mdogo wa Bondia
Anasema kwamba ikiwa Mike Tyson alipanda ulingoni akiwa na miaka 58 dhidi ya Jake Paul wa miaka 27, basi 41 ni ujana.

Shabiki wa Holmes
Mwambie pambano lile la Texas la Novemba 2024 lilikuwa raundi 8 za dakika mbili, kwa glovu nene za wakia 14, na liliahirishwa kutoka Julai kwa sababu Tyson aliugua vidonda vya tumbo. Alishindwa kwa pointi bila kurusha ngumi nyingi. Kaka yako anaombwa raundi 10 za dakika tatu. Hayo ni mapambano mawili yasiyolingana hata kwa saa.

Mtazamaji wa Mombasa
Tena Paul wa siku ile hakuwa mtu aliyeinuka kupitia ngumi za ridhaa kama Joshua. Huyu kijana wenu wa miaka 25 ametokea wapi?

Mdogo wa Bondia
Ametokea timu ya ridhaa ya jeshi, na leo nimehakikisha kwamba anasimama mguu wa kulia mbele. Alhamisi tunakwenda kupiga picha ya kichwa. Kaka amekubali, ingawa amesema anakwenda kwa ajili ya mama. Promota amekataa mapambano mawili madogo, na amekubali kupunguza raundi kutoka 10 hadi 8.

Raundi ya Kumi
Mguu wa kulia mbele, kama Moorer. Basi kama picha itakuwa safi, mkono wake wa kulia unyooke katikati ya ulinzi wa kijana, na mguu wake wa kushoto ukae nje ya mguu wa mbele wa mwenzake.

Shabiki wa Holmes
Foreman alihitaji raundi kumi kuipata ngumi hiyo. Kaka yake amepewa nane.

Binti Tanga
Na mtu wa kona je? Hilo bado hujatujibu.