Viinitete vya kifaru mweupe: vibaki Ulaya au virudi Kenya?

Mtoa hoja: Vifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili, Najin na bintiye Fatu, wote katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Tangu Agosti 2019 mayai huvunwa hapa, yakasafirishwa hadi Cremona, Italia, kurutubishwa kwa mbegu za madume waliokwisha kufa. Viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua, vimegandishwa Cremona na Berlin. Kwa nini hazina yetu ikae ugenini, na kituo cha Kabete kinatunza mbegu za ng'ombe kwenye nitrojeni ya kimiminika kila siku?

Fundi wa maabara: Ndugu, mbegu na kiinitete ni vitu viwili. Dozi ya fahali ina mamilioni ya mbegu; nusu zikifa, ng'ombe bado hushika mimba. Kiinitete kikifa, basi. Tazama cha ng'ombe: unakiloweka kwenye ethilini glaikoli ya moli 1.5, dawa ya kukikinga na barafu, unakifyonza kwenye mrija wa mililita 0.25, unakipoza hadi nyuzi -6, kisha unaugusa mrija kwa koleo lililotoka kwenye nitrojeni ili barafu ianzie nje ya kiinitete. Baada ya hapo nusu nyuzi kwa dakika mpaka -32 hivi, ndipo unakitumbukiza kwenye -196. Ukiruka lile koleo, maji huganda ghafla na seli hupasuka.

Mtoa hoja: Hiyo kazi imeshafanyika. Swali langu ni la kutunza.

Fundi wa maabara: Safari ndiyo hatari. Mtungi mkavu wa safari, ambao nitrojeni yake imefyonzwa ndani ya kuta, ukilazwa ubavu, nitrojeni huisha mapema. Tena kuna wanaoinua mrija juu ya shingo ya mtungi ili wasome jina! Ukipita -130, punje za barafu huanza kukua, na kwa macho huoni kitu mpaka siku ya kuyeyusha.

Daktari wa mifugo: Lakini hiyo safari haikwepeki, maana majike wa kubebeshwa mimba, vifaru weupe wa kusini walio ndugu wa karibu wa hawa, wako Ol Pejeta. Kiinitete cha kifaru wa kusini kilichopandikizwa huko Septemba 2023 kilitoka Ulaya na kilishika. Jike aliyebeba mimba hiyo alikufa kwa maambukizi ya bakteria, kijusi kikiwa na siku 70. Mimi ningegawanya: sehemu ije, sehemu ibaki. Hata umeme si kisingizio, mtungi wa kuhifadhia hautumii umeme. Unataka mtu wa kuchovya rula kupima kina na kuongeza nitrojeni, sikukuu zikiwemo, na anayejua kwamba shingo ikifanya ukungu wa barafu kwa nje, ombwe la mtungi, ule utupu kati ya kuta zake unaozuia joto, limevuja: ahamishe mirija saa hiyohiyo.

Fundi wa maabara: Huyo mtu ameshaajiriwa?